Mbio za Msingi Zifuate Mwendo wa Wimbo

Kuna jambo linalozungumzwa sana siku hizi katika mabweni yetu, nami naona yafaa lizungumzwe pia katika kurasa za gazeti letu hili, ambapo walimu na wazazi wataweza kulisoma. Jambo lenyewe ni hili: wanariadha wetu wa mbio ndefu wakimbie kwa mwendo gani katika miezi ya mwanzo wa mwaka, kabla ya kufika mashindano ya UMISSETA?

Imependekezwa kwamba Januari ijayo kila anayetaka kuingia katika kikosi apimwe kwa saa katika mbio za mita 5,000, na atakayezidi dakika 21 aondolewe. Wale watakaobaki watakimbia kila asubuhi kwa kasi ileile ya siku ya majaribio, na atakayeachwa nyuma mara tatu naye atatolewa. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Januari ijayo sitakuwapo, wala sina nafasi ya kugombea katika kikosi hicho, kwa hiyo naomba niaminiwe kwamba siandiki kwa kujitetea. Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wa madarasa ya chini, kwa sababu naamini kwamba mpango huo utatupotezea wakimbiaji wengi na hautatuongezea hata mmoja.

Rai yangu ni fupi. Katika miezi ya msingi, mkimbiaji aende kwa mwendo ambao anaweza kuimba. Akishindwa kuimba, amekwenda mbio mno, hata kama saa inamsifu.

Kwanza tuelewane maana ya mazoezi ya msingi. Mtu ajengaye nyumba hapaki rangi kabla ya kujaza zege. Vivyo hivyo mkimbiaji wa mbio ndefu huwa na miezi miwili, mitatu, au zaidi, ya kukimbia tu bila kushindana, ili mwili wake upate kuzoea kazi. Katika miezi hiyo moyo hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo midogo ya damu huongezeka katika misuli ya miguu. Ndani ya seli za misuli huongezeka vile viungo vidogo tunavyosoma katika biolojia, mitokondria, ambavyo hutumia hewa ya oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Mwili nao hujifunza kutumia mafuta yake kwa uangalifu, usimalize akiba ya wanga mapema.

Mambo haya yote hayaji kwa siku moja, wala hayahitaji kasi kubwa. Yahitaji muda mrefu na kurudiarudia. Mtu akimbiaye dakika 50 kwa utulivu, mara tano kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu, huyapata. Mtu akimbiaye dakika 18 kwa kutweta, kisha akalala siku mbili kwa maumivu, hupata sehemu ndogo tu. Tena katika mbio za mita 5,000, zaidi ya sehemu 9 katika 10 za nguvu anazotumia mkimbiaji hutokana na oksijeni anayovuta. Hata katika mita 1,500 sehemu kubwa hutoka hukohuko. Basi anayedharau msingi huu adharau kitu gani kingine kilichobaki?

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Mapafu na moyo hujengeka upesi kuliko kano na mifupa. Kijana wa miaka 15 akianza mazoezi Januari, ifikapo Februari atajiona ana pumzi nyingi na kutaka kuruka kama swala. Lakini mifupa ya miundi yake na kano za visigino vyake bado havijawa tayari, kwa sababu hivyo huchukua miezi mingi kukomaa. Hapo ndipo wengi wetu huumia. Pumzi humwambia aende, na mguu hauna mdomo wa kumkataza mpaka siku ile unapovimba.

Sasa tutazame tunavyofanya sisi. Kengele ya alfajiri hulia, tunatoka tukiwa bado na usingizi, na kabla ya kufika lango la shule tumekwisha kuanza kushindana. Hakuna aliyetuamuru. Wa mbele anamsikia wa nyuma, naye anaongeza. Wa nyuma anaona aibu, naye anafuata. Tukifika kwenye njia ya mchanga kila mtu anahema kwa kinywa wazi. Tunarudi tukiwa tumeinama, mikono magotini, na yule aliyetangulia anapigiwa makofi. Halafu tunaoga haraka, tunakunywa uji, na kipindi cha tatu cha hisabati kinapofika, nusu ya kikosi inasinzia.

Matokeo yake tumeyaona. Mwaka huu tulianza tukiwa 31, wavulana kwa wasichana. Ilipofika wiki ya kuchagua timu ya kwenda kwenye mashindano ya kata, tulikuwa 12. Katika wale 19 walioondoka, kuna walioumia miundi, kuna waliokatazwa na wazazi kwa sababu ya alama zao darasani, na kuna waliochoka kuachwa peke yao barabarani kila asubuhi. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye jina lake silitaji, hakuumia wala hakukatazwa. Aliniambia tu, "Kaka, mimi nilikuwa napenda kukimbia. Sasa naogopa asubuhi." Maneno hayo yamenikaa moyoni. Mchezo unaomfanya mtoto aogope asubuhi una kasoro, nayo haifai kuachwa ikasubiri mwaka mwingine.

Hapana shaka waliotoa pendekezo la Januari wana nia njema. Wanataka shule yetu ipate vikombe. Nami nataka vivyo hivyo. Tunatofautiana juu ya njia.

Njia ninayoitetea si ngeni kwetu. Kila mmoja wetu aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii anaijua, kwa maana alifundishwa akiwa na miaka saba: ni mchakamchaka. Asubuhi, kabla ya kuingia madarasani, shule nzima hujipanga mistari, kiranja mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, na miguu hufuata mapigo ya wimbo. Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, hukimbia hivyohivyo. Hata hapa mjini, mtu akitoka asubuhi ya Jumamosi au Jumapili katika mitaa ya Temeke, Mbagala au Kinondoni, atakutana na vikundi vya jogging, watu wazima wenye matumbo na vijana wembamba pamoja, wamevaa fulana za rangi moja, wakiimba njia nzima.

Sisi wanariadha huwacheka. Twasema hao si wakimbiaji, wanajifurahisha tu. Lakini tukichunguza tutaona kwamba wimbo ule ni kipimo kizuri sana. Mtu hawezi kuimba na kutweta kwa wakati mmoja. Kuimba kwahitaji pumzi ya ziada, na maadam pumzi ya ziada ipo, basi mwili unafanya kazi kwa oksijeni ya kutosha. Siku ambayo mwitikio unakatika katikati ya ubeti, kila mtu anajua kwamba kiongozi amezidisha mwendo. Hakuna haja ya saa, wala mashine ya kupima moyo, wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Wazee wetu waliokuwa wakikimbia kwa nyimbo walikuwa na kipimo hicho midomoni mwao.

Sisemi kwamba mkimbiaji wa mita 5,000 akimbie polepole kama darasa la kwanza. Mchakamchaka wa shule nzima huenda kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote, nao kwa mwanariadha aliyezoea ni wa kupasha mwili moto tu. Nisemacho ni kwamba kipimo ni kilekile. Kila mtu aende kwa mwendo wake mwenyewe, lakini katika mwendo huo aweze kuimba ubeti mmoja, au kusema sentensi tatu ndefu kwa jirani yake, bila kukatisha ili avute hewa.

Kwa wale wapendao hesabu, nitatoa mfano. Mwanafunzi awezaye kumaliza mita 5,000 kwa dakika 18 huenda kila kilometa kwa dakika 3 na sekunde 36. Katika mbio za msingi, mwanafunzi huyo atajikuta anaimba vizuri akienda kilometa moja kwa dakika 5, au 5 na nusu. Mwenzake amalizaye kwa dakika 22 huenda kila kilometa kwa dakika 4 na sekunde 24, na mwendo wake wa kuimba utakuwa karibu na dakika 6, pengine na zaidi kidogo. Tazama basi: wawili hawa wakilazimishwa kwenda pamoja kila asubuhi, mmoja anafanya mazoezi na mwingine anashindana. Baada ya majuma sita, yule wa pili ataitwa mvivu, na kumbe yeye ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi.

Anayetaka kuhakikisha zaidi aweke vidole shingoni mara tu anaposimama, ahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa 4. Hesabu ya makisio inayotumiwa sana ni kutoa umri wa mtu katika 220. Kwa mwenye miaka 17 tunapata 203, na mbio za msingi aghalabu hukaa karibu na sehemu 7 katika 10 za hapo, yaani kama mapigo 140 hadi 150 kwa dakika. Lakini hayo ni makisio tu, na miili hutofautiana. Wimbo ndio hakimu wa karibu.

Hapa Dar es Salaam kuna sababu moja zaidi ya kutoiamini saa katika miezi hiyo, nayo ni joto. Sisi twaishi usawa wa bahari, na Januari na Februari ni miezi ya joto kali, hewa nayo imejaa unyevunyevu hata alfajiri. Mtu akikimbia katika hali hiyo, mwili wake una kazi mbili. Damu yatakiwa iende kwenye misuli kuipelekea oksijeni, na papo hapo yatakiwa iende kwenye ngozi ili mwili upate kupoa. Jasho nalo haliwezi kukauka vizuri kwa sababu hewa imekwisha kushiba maji. Moyo hupiga mbio zaidi kwa kasi ileile ya miguu. Basi kilometa ambayo Julai, wakati wa kipupwe, mtu huikimbia kwa dakika 5 huku akizungumza, Februari itamtoa ulimi nje. Akishikilia saa, atadhani amedhoofika, ataongeza bidii, na atajiumiza. Akishikilia wimbo, ataenda polepole zaidi bila kuambiwa, na faida ya mazoezi itakuwa ileile.

Kadhalika na njia zetu. Anayekimbia juu ya lami ya barabara ya Kilwa na anayekimbia katika mchanga wa mitaa ya ndani kuelekea Chamazi hawawezi kupimwa kwa saa moja. Mchanga humeza hatua. Wenzetu wa upande wa Kinondoni wakimbiao kwenye mchanga wa Coco Beach wanalijua jambo hilo, na wale wapandao vilima vya Chuo Kikuu, pale Mlimani, wanalijua zaidi. Saa haijui mchanga, wala kilima, wala joto. Pumzi inavijua vyote vitatu.

Wengine watasema kwamba haya ni maneno ya watu wasiopenda taabu. Basi tuwatazame waliopata sifa duniani.

Huko New Zealand alikuwako mwalimu wa riadha aliyeitwa Arthur Lydiard, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha viatu mjini Auckland. Yeye aliwatengea wanafunzi wake majuma mengi ya msingi kabla ya mazoezi ya kasi, akiwataka wafikie maili 100 kwa juma, yaani kilometa 160 hivi. Hakuwataka wajikokote, maana mwendo wao ulikuwa wa kazi. Lakini aliwafundisha wafanye mazoezi pasipo kujikamua. Mwanafunzi wake Peter Snell alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mbio ambazo humalizika kabla ya dakika 2, na juu ya hayo alikuwa akikimbia njia ya vilima ya kilometa 35 siku za mapumziko. Katika Olimpiki ya Roma, mwaka 1960, Snell alipata dhahabu ya mita 800, na siku hiyohiyo mwenzake Murray Halberg akapata dhahabu ya mita 5,000. Mwaka 1964 mjini Tokyo, Snell alishinda mita 800 na mita 1,500 pia. Mbio zile ndefu hazikumwondolea kasi yake.

Kwa jirani zetu wa Kenya, kundi la Eliud Kipchoge, lililofundishwa na Patrick Sang huko Kaptagat, limeandikwa sana. Kipchoge alipokimbia maratoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, kila kilometa aliipita kwa chini ya dakika 2 na sekunde 53. Lakini katika siku zao za mbio nyepesi, makundi ya wakimbiaji wa milima ile ya Kenya huanza kwa mwendo wa pole sana hata mgeni hushangaa kwamba anaweza kuandamana nao kwa kitambo. Watu hawa wakikutana na kikosi chetu saa 11 na nusu alfajiri, sina shaka tungewapita, na tungejisifu sana. Kisha siku ya mashindano wangetuacha tangu mzunguko wa kwanza.

Mtaalamu Stephen Seiler naye, aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa kupiga makasia, kuteleza juu ya theluji na kukimbia, aliona kwamba karibu sehemu 80 katika 100 za mazoezi yao huwa nyepesi, na sehemu iliyobaki ndiyo ya nguvu. Sisi twafanya kinyume, kisha twashangaa.

Najua kuna hoja moja ambayo hutolewa kila mara katika bweni letu, nayo ni jina la Filbert Bayi. Watu husema: Bayi alitangulia tangu bunduki ilipolia, na hakungoja mtu. Ni kweli kabisa. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi hiyo ikabaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi mwaka 2022. Ni fahari ya nchi yetu. Lakini hiyo ilikuwa siku ya mashindano. Sisi tumeiona siku moja ya mtu huyu, tena katika picha, tukaigeuza kuwa kanuni ya asubuhi 100. Anayekula pilau ya harusi hawezi kudhani kwamba bwana harusi hula pilau kila siku.

Tumtazame na Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, katika Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, alishinda maratoni na kuiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Muda wake ulikuwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda uleule. Iliwabidi waamuzi watazame picha, na tofauti ikaonekana kuwa sekunde 0.03. Zaidi ya kilometa 42 katika joto na unyevunyevu, kisha mambo yakaamuliwa kwa kifua. Mtu awezaye kubakiza nguvu za kukimbia hivyo mwishoni hakuzipata kwa kujimaliza kila alfajiri. Simbu alikuwa amepata shaba ya dunia London mwaka 2017, miaka minane kabla. Miaka minane ya kungoja! Na sisi twataka kumwondoa mtoto wa kidato cha kwanza kwa sababu ya sekunde alizochelewa mwezi wa Januari.

Hoja nyingine ni ile ya methali. Nikisema mwenda pole hajikwai, wenzangu hunijibu kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Methali zote mbili ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Ya kwanza ni ya Januari, Februari na Machi. Ya pili ni ya majuma sita au manane kabla ya mashindano. Hapo ndipo zije mbio za vilima, mbio za mita 400 za kurudiarudia, na mazoezi ya kumaliza kwa kasi. Hata katika miezi ya msingi yenyewe kasi haisahauliwi kabisa: mara mbili kwa juma, baada ya mbio nyepesi, mkimbiaji aweza kupiga mbio sita fupi za mita 80 uwanjani, kwa wepesi na mapumziko ya kutosha, ili miguu isisahau. Anayesema kwamba mimi nataka tukimbie polepole mwaka mzima hajanielewa.

Hoja ya tatu ni ya nidhamu. Husemwa kwamba mwanafunzi akiruhusiwa kwenda mwendo wake, atatembea. Pengine wako watakaofanya hivyo. Lakini nauliza: ni jambo gani linahitaji nidhamu zaidi, kumfuata aliye mbele kwa sababu ya aibu, au kumwacha aende na kushika mwendo wako ingawa wenzako wanacheka? Nimewaona vijana hodari, ambao hawaogopi mvua wala bwawa la matope, wakishindwa kufanya hili la pili hata kwa dakika 10. Kujizuia ni kazi ngumu kuliko kujitupa.

Wasichana wetu nao wanaathiriwa zaidi na desturi hii. Kwa kuwa ni wachache, hutakiwa kufuata nyuma ya wavulana, na kwa hiyo kila mbio kwao ni mashindano ambayo wamekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Kisha husemwa kwamba wasichana hawapendi riadha. Wapewe mwendo wao, tutaona kama hawaipendi.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima mwalimu wetu wa michezo na kamati yake waangalie mapendekezo haya manne.

La kwanza: majaribio ya dakika 21 yasifanywe Januari. Kila apendaye kukimbia aingie katika kikosi, na kitu pekee atakachodaiwa katika miezi mitatu ya kwanza kiwe mahudhurio. Majaribio yafanywe baada ya msingi kukamilika, wakati ambapo saa itakuwa na jambo la kweli la kutuambia.

La pili: kikosi kigawanywe makundi matatu kwa kadiri ya pumzi, si kwa vidato wala kwa jinsia. Kila kundi liwe na kiongozi ambaye kazi yake ni kuzuia mwendo. Kiongozi huyo aanzishe wimbo kila baada ya dakika 10. Mwitikio ukififia, apunguze.

La tatu: mbio za nguvu ziwe mara moja tu kwa juma katika miezi ya msingi, tena siku ambayo kesho yake ni ya kupumzika. Muda wa mbio nyepesi uongezwe kidogo kidogo, kuanzia dakika 25 kwa wageni, na mkimbiaji mwenye maumivu ya mguu aseme bila kuogopa kuitwa mzembe.

La nne: pawe na maji ya kunywa langoni tunaporudi, na mbio zianze mapema vya kutosha tusipambane na bodaboda na daladala barabarani. Hili si la mwendo hasa, lakini mkimbiaji mwenye kiu hawezi kuimba.

Kwa wazazi wetu nina neno moja. Wako waliowaandikia watoto wao waache riadha kwa sababu wanasinzia darasani. Siwalaumu. Nisingependa nami mwanangu asinzie. Lakini kinachomlaza mtoto darasani aghalabu si kukimbia, ni kukimbia kwa kujimaliza kabla ya kunywa uji. Mbio nyepesi humwamsha mtu. Kama kamati ikikubali mpango huu, nawaomba mwape watoto wenu muhula mmoja wa kujaribu, kisha mtazame ripoti zao.

Na ninyi wadogo zangu, mtakaobaki hapa sisi tukiwa tumekwenda zetu, msingoje kamati iamue. Kesho asubuhi, mwenzako akikupita mbio kabla ya kufika lango la shule, mwache apite. Imba ubeti wako. Ukiumaliza bila kutweta, uko mahali pako. Nenda hivyo hivyo kesho kutwa, na juma lijalo, na mwezi ujao. Mtakutana naye katikati ya mwaka, kwenye mzunguko wa mwisho.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne